Kamera ya Lubao

"Picha za kamera ya Lubao ziko hapa ama haziko?"

Swali hilo ndilo lililomkata kauli Sylvia Ayuma tulipoachana naye, msomaji wangu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya mapokezi ya kampuni ya kompyuta na kamera alikokuwa akifunzwa kazi, bisibisi mkononi. Mbele yake alikuwa mama mmoja wa makamo, leso kiunoni, viatu vimejaa tope la kutoka Malinya. Jina lake Emily Musimbi. Mwanawe Isaiah, mwendeshaji wa bodaboda, alikuwa ndani ya seli akidaiwa kumgonga mtoto wa shule pale Lubao na kumwacha hajitambui.

Na asubuhi hiyo hiyo Sylvia alikuwa ameifuta diski ya kamera za Lubao.

Aliifuta kwa mikono yake mwenyewe. Alipewa kazi hiyo kama mtihani, akaifanya kwa makini, na mwalimu wake akampigapiga begani akisema, "Sasa wewe ni fundi."

"Haziko, mama."

Si Sylvia aliyejibu. Ni mwalimu mwenyewe, Hezekiah Osiako, mwenye kampuni, aliyetokea mlangoni mwa karakana akipangusa mikono kwa kitambaa. Ofisi nyingi za mji wa Kakamega zilimjua. Kompyuta ikikataa kuwaka, watu walisema, muite Osiako.

"Kamera ile ilikuwa mbovu," alisema kwa upole. "Siku ile haikurekodi chochote. Pole sana."

"Lakini Bwana Shitanda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameniambia mlichukua mashine yake ikiwa nzima."

"Tuliichukua kwa sababu ilikuwa mbovu, mama."

Emily hakuondoka. Alimgeukia Sylvia.

"Mukhana wanje, binti yangu, wewe unafanyanga kazi hapa. Ni ukweli anaosema?"

Sylvia alijua haukuwa ukweli. Kabla ya kuifuta ile diski alikuwa ameifungua kuona kama ni nzima, vile alivyofundishwa. Picha zilikuwamo, siku baada ya siku, na siku ya ajali ikiwa miongoni mwazo. Hakuzitazama. Zilikuwa mali ya mteja.

Alimtazama Osiako. Osiako alimtazama yeye.

"Ni kweli, mama," Sylvia alisema.

Yule mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyeambiwa habari ya msiba.

"Kesho wanampeleka kortini," alisema. "Isaiah ndiye alimbeba yule mtoto mpaka hospitali. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wote wamejificha, hakuna aliyeona kitu. Walipotoka wakakuta damu kwa nguo zake. Angekuwa ndiye amemgonga, si angetoroka?"

Alibadilishana namba za simu na Sylvia, akashuka ngazi akishika ukuta.

Mlango ulipofungwa, Sylvia aliiweka bisibisi mezani.

"Mwalimu, ile diski ilikuwa na picha."

"Najua."

"Sasa mbona umemwambia—"

"Ingia ndani."

Osiako alifunga mlango wa karakana. Aliketi juu ya kiti kirefu cha kazi, akikikunja kile kitambaa polepole.

"Ulipoifuta," alisema hatimaye, "uliangalia kilichokuwamo?"

"Hapana. Niliona tu kuna mafaili."

Osiako alimkazia macho kwa namna ambayo Sylvia hakuielewa. Alimtazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kusema uongo.

"Basi tuseme hivyo. Hukuangalia."

"Sikuangalia kweli!"

"Nimesema tuseme hivyo. Nani aliifuta?"

"Ni mimi. Lakini wewe ndiye uliyenipa."

"Paswodi iliyotumika ni ya nani? Mashine ikiulizwa leo, itataja jina la nani?"

"Langu."

"Basi kaa kimya, nami nitakaa kimya. Umebakisha kidogo sana upate cheti chako. Usinilazimishe kulitamka jambo ambalo mimi na wewe tunalijua."

Akatoka, akamwacha katikati ya mabati ya kompyuta zilizofunguliwa.

Kitisho! Sylvia alikisikia hivyo, na nani angemlaumu? Mtu huyu ndiye aliyempokea wakati kila ofisi ilikuwa ikimwambia arudi akiwa na uzoefu, kana kwamba uzoefu huuzwa sokoni. Mwanzoni hakuruhusiwa kugusa kompyuta yoyote. Alifagia. Alishika ngazi. Alitambaa juu ya dari za shule na maduka, panya wakimpita usoni, akivuta nyaya za mtandao. Alipanga zile nyaya ndogo kwa rangi mpaka akawa anazitaja usingizini, na dada yake Phoebe akamcheka. Akikosea, Osiako alikata ule waya mbele ya wateja na kumwambia aanze tena. Alimchukia. Kisha siku moja mtandao wa shule nzima ukawaka kutokana na kazi yake peke yake, na tangu hapo alimwita Mwalimu bila kulazimishwa.

Sasa Mwalimu huyo alikuwa amemtumia kama kitambaa cha kupangusia uchafu wake. Ndivyo alivyoamini.

"Silvi, kwani unalia?"

Alikuwa Kipkoech, mwanagenzi mwenzake, aliyetangulia kuja pale na ambaye ndiye aliyeruhusiwa kuendesha pikapu ya kampuni. Alikuwa na vikombe viwili vya chai. Kipkoech hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ndiye aliyemwonyesha Sylvia siri za kazi ambazo Osiako hakuwa na subira ya kuzirudia.

Sylvia alimweleza yote. Mama Isaiah, diski, paswodi, maneno ya Osiako.

Kipkoech alikaa chini kabla hajamaliza.

"Uliifuta kwa ile njia ya haraka," aliuliza, "ama ile kamili?"

Hilo ndilo swali, msomaji. Ile ya haraka hufuta majina tu, na vilivyomo hubaki vimelala chini, fundi akijua njia huviamsha. Ile kamili huandika utupu juu ya kila kitu. Hairudishwi.

"Kamili," Sylvia alisema.

"Una hakika?"

"Programu ilipita diski yote, mwanzo mpaka mwisho. Nilikaa hapo nikiitazama. Nilitaka anisifu."

Kipkoech alishusha pumzi ndefu. Sylvia alidhani ni huruma.

Waliijaribu hata hivyo. Waliiunganisha diski kwenye kompyuta ya kona, wakaanzisha programu ya kutafuta vilivyopotea. Sylvia alikuwa akiomba Mungu kimoyomoyo, akitaka angalau mara hii moja iwe alikosea kazi. Mstari wa kijani ulitembea. Ulifika mwisho.

Hakuna faili hata moja.

"Hakuna kabisa?" Kipkoech aliuliza.

"Hakuna."

"Hata kipande?"

"Koech, si unaona mwenyewe!"

Kipkoech alisogea nyuma. "Umemwambia Phoebe haya mambo?"

"Bado. Siku hizi nikimpigia hashiki. Hata kula hali vizuri." Sylvia alipangusa macho kwa mkono wa nguo. "Nitamwambia nini? Yeye ndiye alinilea tangu mama aondoke. Nimwambie nimempeleka kijana wa watu jela kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mzuri?"

Na hapo, katikati ya sentensi hiyo, alinyamaza.

"Kadi," alisema.

"Kadi gani?"

"Ile kamera ya kutazama barabara! Waya wake ulikuwa unasumbua tulipoifunga, ukikatika mara nyingine mvua ikinyesha. Mwalimu akaniambia nipande niweke memori kadi ndani ya kamera yenyewe, ili irekodi wakati wote, hata waya ukikatika. Koech, niliiweka mimi! Haikuwa kwenye diski. Iko kule juu ukutani!"

Kikombe cha Kipkoech kilipinduka, chai ikamwagika juu ya meza. Hakuipangusa.

"Lakini zile kadi zikijaa hujifuta," alisema. "Zinaanza upya."

"Ndiyo. Huenda siku ile imeshakwenda, huenda bado. Ndiyo maana siwezi kungoja."

"Acha niende mimi. Jioni nitapita huko."

"Kesho anapelekwa kortini!"

"Silvi, ngoja kwanza—"

Alishaenda. Ngazi za jengo zilisikika zikilia chini ya viatu vyake, kisha sauti yake ikiita bodaboda.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kudondoka alipofika Lubao. Bwana Shitanda hakuwepo, na kijana wa dukani, aliyemjua Sylvia tangu siku za kufunga kamera, alimpa ngazi bila maswali. Sylvia alipanda. Kifuniko cha kamera kilikuwa na maji, kikamponyoka na kuanguka chini.

"Wewe! Nani amekutuma huko juu?"

Alikuwa Shitanda, mwavuli mkononi, akitoka kwenye gari lake.

"Ni... ni kusafisha tu, Mzee. Mwalimu Osiako amenituma."

"Osiako? Amenichukulia mashine na hajanirudishia, sasa anatuma mtu kufungua kamera bila kuniambia?" Alitoa simu. "Usishuke. Acha nimuulize."

Sylvia alibaki juu ya ngazi, mvua ikimpiga mgongoni, akisikia simu ikilia kwenye spika. Ikipokelewa tu, amekwisha. Osiako atasema hajui. Shitanda atamshusha kwa nguvu. Kadi itarudi pale pale, na mvua, na siku, zitaifuta.

"Osiako! Huyu binti wako yuko hapa kwangu anafungua kamera. Wewe ndiye umemtuma?"

Osiako alikohoa kwenye simu. Kisha:

"Ndiyo. Nimemtuma."

Sylvia nusura aanguke.

"Hebu mpe simu," Osiako aliendelea. Shitanda aliinyanyua juu, Sylvia akainama, akaipokea na kuzima spika.

"Sylvia." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayejificha na wenzake. "Nilikuwa nimeisahau hiyo kadi. Umefanya vizuri kuikumbuka. Ilete mkononi mwangu. Usimpe mtu, usiitazame, usipite popote. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

Alishuka na kadi imebanwa kiganjani, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Hakuipeleka kwa Osiako, bila shaka umeshakisia. Alikimbilia chini ya paa la kinu cha kusagia mahindi kilichokuwa kimefungwa, akafungua simu yake na kuitia ile kadi. Siku ya jana ilikuwapo. Na ya juzi. Alirudi nyuma, na nyuma tena, kidole kikiteleza kwa maji.

Siku ya ajali ilikuwapo. Ilikuwa ya mwisho kabisa kabla ya utupu. Kesho isingekuwapo.

Aliitazama.

Mvua. Barabara tupu. Mtoto wa shule aliyevaa sweta ya buluu na mfuko wa plastiki kichwani akiingia barabarani mbio. Kisha pikapu nyeupe, ikiyumba huku na huku kama inaendeshwa na mlevi.

Sylvia alifumba macho. Alipoyafungua, mtoto alikuwa chini na pikapu imesimama kando, na juu ya pikapu kulikuwa na chuma cha kubebea ngazi, kile alichosaidia kukifunga yeye mwenyewe. Ilikuwa pikapu ya kampuni. Ile ambayo Osiako alisema iko gereji kwa sababu ya gia.

Mtu aliruka kutoka kwenye gari, mikono kichwani.

Alikuwa Kipkoech.

Sylvia aliisimamisha picha. Kipkoech! Ndiyo maana aliuliza mara zote zile kama kweli imefutika. Ndiyo maana alishusha pumzi. Aliirusha picha mbele kwa hasira, akamwona kijana wa bodaboda akitokea, akitupa pikipiki yake chini bila hata kuisimamisha, akimwinua yule mtoto kifuani mwake. Isaiah. Mama yake alikuwa amesema ukweli mtupu.

"Silvi."

Aliinuka kwa kishindo. Kipkoech alikuwa amesimama mvuani, amelowa chapachapa, na bodaboda iliyomleta ikiondoka nyuma yake.

"Usinikaribie!"

"Sitakunyang'anya. Ningetaka kukunyang'anya ningekuja na watu."

"Umemwacha mtu akae seli kwa ajili yako! Umekunywa chai na mimi!"

"Hukumaliza kuangalia."

"Nimeona ya kutosha."

"Mimi nilitokea mlango gani?" Kipkoech aliuliza. Alikuwa akilia, au ilikuwa mvua. "Angalia, Silvi. Tafadhali. Nilitokea mlango gani?"

Sylvia hakutaka, lakini kidole chake kilirudisha picha nyuma. Pikapu ilisimama. Mlango ulifunguka, Kipkoech akaruka.

Mlango wa kushoto. Mlango wa abiria.

Na upande wa kulia, kwa dereva, mlango mwingine ulikuwa ukifunguka.

Alishuka mwanamke. Aliipa kamera mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Nywele zilikuwa zimesukwa, zimefungwa kisogoni. Alivaa fulana ya kijani, na mgongoni, kwa herufi kubwa zisizohitaji miwani, lilikuwa jina la kampuni ya Osiako. Alipiga magoti kando ya mtoto, akashika kile kichwa kidogo kwa mikono yote miwili. Kipkoech alimvuta. Alikataa. Alimvuta tena, akamrudisha garini, na pikapu ikaondoka kabla tu Isaiah hajafika.

Kampuni ya Osiako ilikuwa na mwanamke mmoja. Jina lake Sylvia Ayuma.

Siku ile alikuwa nyumbani Khayega na malaria, peke yake, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Fulana yake ya pili ilikuwa kwenye kamba. Jioni dada yake alirudi akitetemeka, akasema alinyeshewa sokoni, akaenda moja kwa moja kufua.

"Phoebe," Sylvia alisema. Sauti haikutoka vizuri.

"Alitaka kujua kuendesha," Kipkoech alisema. "Tumekuwa pamoja tangu mwezi wa Krismasi. Aliogopa kukwambia. Nilimwambia leo barabara iko wazi, mvua imewafukuza watu. Ni mimi nilimwambia, Silvi. Si yeye."

"Na Mwalimu?"

"Aliiona ile rekodi. Bwana Shitanda alimwita amfungulie rekodi kwenye mashine siku ya pili yake, akaona gari lake mwenyewe. Aliniita, akaniuliza, 'Huyu dereva ni Sylvia?'"

"Ukamjibu nini?"

Kipkoech alitazama chini.

"Koech, ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

Sasa yote yalimrudia Sylvia kwa sura nyingine. Yale macho. Lile neno, tuseme hivyo. *Jambo ambalo mimi na wewe tunalijua.* Osiako hakuwa akimtisha. Alikuwa akimficha! Alimpa ile diski aifute kwa sababu aliamini ni uchafu wake mwenyewe, na alipomwambia Shitanda kwamba amemtuma, alidhani mwanafunzi wake amekwenda kumalizia kazi. Mtu aliyekuwa tayari kumdanganya mama wa watu kwa ajili yake, na kumwacha kijana asiye na hatia afungwe. Sylvia hakujua kama amshukuru au amtemee mate.

"Ukiipeleka hiyo kadi," Kipkoech alisema, "Isaiah atatoka. Lakini uso wa Phoebe hauonekani popote. Polisi wataona fulana. Watauliza nani alifuta diski. Umefikiria hilo?"

"Utasema ukweli."

"Nikisema si wewe, ni dada yako, watasema namtetea mwenzangu wa kazi. Tuiache, Silvi. Mtoto anaweza kupona. Kesi inaweza kufa yenyewe."

Simu ililia mkononi mwa Sylvia. Namba ngeni, lakini aliijua. Alikuwa ameipokea asubuhi.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Emily, "nisamehe kukusumbua. Nimetoka kumwona. Amekataa chakula. Nikasema nikuulize tu tena, labda umesikia kitu."

Kipkoech alitikisa kichwa. Midomo yake ilisema hapana, hapana, bila sauti.

Msomaji, ungekuwa wewe? Upande huu mtoto wa mtu. Upande ule mtu aliyekupikia, akakusomesha, akakufungia vitabu vyako kwa magazeti.

"Mama," Sylvia alisema, "asubuhi nilikudanganya. Picha ziko. Ninazo mkononi. Nikutane nawe kituoni."

Alisikia yule mama akilia upande wa pili, kilio kisicho na maneno. Alikata simu, akamgeukia Kipkoech.

"Nenda Khayega. Mchukue Phoebe, mje wote wawili kituoni. Mseme wenyewe."

"Na akikataa?"

"Wewe njoo naye," Sylvia alisema, na akaingia mvuani.

Inspekta Moraa alikuwa mwanamke mfupi aliyezoea kuongopewa, na alimsikiliza Sylvia bila kubadili uso. Hakuuliza jambo lolote mpaka kadi ilipokuwa ndani ya kompyuta yake. Emily aliketi kando ya Sylvia, ameushika mkono wake kwa mikono yote miwili, kama wanavyoshikana watu kanisani.

Picha ilianza. Emily alipomwona mwanawe akitupa pikipiki chini na kumkimbilia mtoto, alisimama.

"Niliwaambia!" alipaza sauti. "Niliwaambia! Muoneni! Muoneni mtoto wangu!" Akaurudisha mkono wa Sylvia kifuani mwake, akaubusu. "Mungu akubariki, mukhana wanje. Mungu akubariki wewe na aliyekuzaa."

"Kijana wako atalala nyumbani leo, mama," inspekta alisema. "Hilo nakuahidi. Sasa keti kidogo. Turudi nyuma."

Aliirudisha picha. Pikapu ilisimama. Mlango wa dereva ulifunguka, mwanamke akashuka, akapiga magoti. Inspekta Moraa aliigandisha picha hapo, akaikuza, na mgongo wa kijani ukajaa kioo kizima.

Alisoma maandishi kwa sauti. Kisha akamtazama Sylvia.

"Hiyo kampuni ndiyo unafunzwa kazi?"

"Ndiyo, Afande."

"Mko wasichana wangapi huko?"

"Ni mimi peke yangu."

"Na umesema kulikuwa na diski nyingine, ikafutwa. Nani aliifuta?"

"Ni mimi. Lakini sikujua—"

"Siku ya ajali ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa mgonjwa."

"Na nani?"

Jina lilikuwa mdomoni, tayari, jepesi. Silabi mbili tu zingetosha. Aliutazama mlango. Kipkoech na Phoebe walikuwa na muda wa kutosha kufika, hata na mvua hii. Mlango haukufunguka.

Mikono ya Emily, iliyokuwa imeushika mkono wake, ililegea. Kisha ikaondoka kabisa.

"Ni wewe?" yule mama aliuliza. Hakuuliza kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Ulimgonga mtoto wa watu, ukamwacha Isaiah wangu ashikwe? Na ukaniangalia machoni?"

"Si mimi, mama. Naapa si mimi."

"Basi nani?"

"Simama, binti," alisema Inspekta Moraa. Alikuwa ameinuka tayari. "Geuka. Tazama dirishani, mgongo uwe kwangu."

Sylvia alisimama. Aligeuka polepole, akayasikia macho ya wote wawili yakitembea juu ya mgongo wake, kutoka kwenye nywele zake zilizosukwa hadi mabegani, mabega yale yale ambayo watu wa Khayega walizoea kuyachanganya na ya dada yake tangu wangali watoto.

"Haya," inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Haya basi."

Lakini Sylvia hakuwa akimsikia. Kioo cha dirisha kilikuwa na maji, na ng'ambo ya barabara, mbele ya duka lililofungwa, walikuwa wamesimama watu wawili bila mwavuli. Kipkoech alikuwa amemshika Phoebe mkono. Phoebe alikuwa akitazama kituo, akitazama dirisha lile lile, na kwa kitambo kidogo macho ya wale ndugu wawili yalikutana. Sylvia hakupunga mkono. Hakuita. Alitikisa kichwa mara moja tu, na hata yeye hakujua kama alikuwa akimwambia njoo au kimbia.

Lori la miwa lilipita katikati yao, refu, zito, likiburuta majani barabarani.

Lilipopita, Kipkoech alikuwa amesimama peke yake.